Muhuri Mzuri, Tangazo Bubu
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatangaza sheria yake yenyewe juu ya haki hizo, hata asiyeona wa Kisangani, kwa upande wa makaratasi, hana anachokosa. Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja hata intaneti. Hata hivyo, tangazo la chanjo au la kipindupindu aghalabu huandikwa kwa Kifaransa, hutiwa saini na muhuri, kisha hupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Na kisomaskrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye simu yake, kikifika hapo huweza kutamka neno moja tu: picha. Muhuri, alhamdulillahi, umetokea vizuri. Kisangani, mji uliobakiwa na majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000, ulistahili adabu zaidi ya hiyo. Tiba yenyewe haidai mfadhili wala semina ya hotelini: tangazo lichapwe kama maandishi, kwa Kiswahili na Kilingala pia, na kila picha iambatane na sentensi moja ya kuieleza.