Sufuria ya Achari

Mwaka ule ndimu zilizaa kupita kiasi, nami nikajitolea kutia achari. Bibi alikuwa pwani kwenye mwani wake; kwetu Kiuyu, maji yakitoka, wanawake wengi hushuka. Nikataka arudi aikute kazi imekwisha.

Nilizipasua ndimu, nikazitia chumvi na pilipili kwa wingi. Mtungi wa achari ulikuwa umejaa, nikazimimina katika sufuria ya alumini, ile iliyopikiwa wali wa harusi ya mama yangu. Ndimu zikaelea. Nikachukua mchi wa kinu cha shaba tunachotwangia hiliki, nikazigandamiza nao mpaka ukakaa chini kabisa. Nikafunika kawa.

Siku ya pili nilichungulia nikaona viputo vimeushika mchi, vidogo kama mayai ya samaki. Nikasema moyoni, achari inaiva.

Alfajiri ya siku ya nne Bibi alikanyaga maji. "Nani kamwaga hapa?" Hapana aliyemwaga. Akaimimina achari kwenye ndoo, imeingia weusi na haifai tena kuliwa, kisha akaielekeza sufuria mlangoni, kunakopambazuka. Mwanga ukapenya matundu matatu, kila moja kama la sindano, na kwa nje yamezungukwa na ukoko mweupe.

"Mjukuu wangu, hii nimeipikia miaka na miaka haijatoboka. Umeifanya nini?"

"Sijaigonga, Bibi. Wallahi sijaigonga."

Nilisema kweli, na jibu nilikuja kulipata miaka baadaye, darasani. Atomu ya alumini ina protoni 13 na elektroni 13, chanya na hasi zimelingana. Elektroni zake tatu za nje hazikushikwa sana. Zikiondoka, zinabaki 10 mbele ya protoni zilezile 13, na atomu inakuwa ioni yenye chaji chanya tatu. Neno ioni lilianza kutumiwa na Michael Faraday mwaka 1834, kutoka Kigiriki, lenye maana ya kiendacho. Ndivyo ilivyo: atomu za alumini zimekaa zimeshikana ukutani mwa sufuria, lakini zikishakuwa ioni huachana na wenzao, zikaenda zao majini. Zilipotoka nyingi mahali pamoja, pakabaki tundu.

Sufuria ina kinga yake, utando mwembamba wa alumini iliyoungana na oksijeni. Lakini chumvi ikiyeyuka, huachana ioni mbili: sodiamu iliyotoa elektroni moja, ikabaki na 10 kati ya 11, na klorini iliyopokea moja, ikawa na 18 badala ya 17. Hizo za klorini ndizo zinazoutoboa ule utando, na ukali wa ndimu unazisaidia.

Mchi nao ulikuwa na kazi yake. Shaba huzishika elektroni zake kwa nguvu kuliko alumini, kwa hiyo zile zilizoachwa na alumini zilipita chini, palipogusana vyuma viwili, zikapanda kwenye mchi. Huko zikapokewa na ioni za hidrojeni zinazotoka kwenye asidi ya ndimu, na ioni hizo zikageuka gesi. Vile viputo nilivyovifurahia vilikuwa hesabu ya sufuria inavyoliwa: kila elektroni iliyopokewa mchini ilikuwa imetolewa ukutani.

Ndimu peke yake haikuwa na kosa, wala chumvi, wala mchi. Kosa lilikuwa kuviweka pamoja siku tatu. Ndiyo maana naona elimu hii haifai kuishia ubaoni na kwenye mtihani. Jikoni ndiko inakohitajika kwanza. Achari ina mtungi wake, au chupa ya kioo, na vitu hivyo havina elektroni za kugawa ovyo.

Bibi hakuitupa sufuria. Aliijaza udongo, akapanda mrehani, akaiweka kizingitini. Kila jioni akiumwagia, maji yaliyozidi hutoka kwa yale matundu matatu, na mrehani haujaoza mizizi.