Ziwa la Pili Halina Likizo

Wageni wakishuka kutoka Wundanyi na chupa ya uji wa wimbi, uji unamwelekea mwenzangu. "Mpe mzazi kwanza," wanasema. Mimi niko papo hapo, mtoto kaning'inia kifuani ananyonya kwa fujo, na mimi huyo huyo ndiye ninayetumwa vikombe.

Hapa Mwakingali tunajulikana kama binamu, na kwa sheria za nchi hii zilivyo, binamu tutabaki. Binamu kunyonyesha hakumshtui mtu. Wazee wamewaona nyanya walionyonyesha wajukuu. Lakini uji wa binamu haupikwi.

Sikuzaa. Maziwa yangu niliyatafuta kwa jasho, miezi mingi kabla mwenzangu hajajifungua, kwa dawa za daktari na pampu. Utaratibu wenyewe ulitoka Kanada, kwa daktari Jack Newman na Lenore Goldfarb, mama aliyekuwa akisubiri mtoto aliyebebwa tumboni na mwanamke mwingine. Ziwa haliulizi cheti cha kuzaliwa. Likamue kila baada ya saa 3, usiku ukiwemo, nalo litaanza kutoa: matone kwanza, kisha kijiko, kisha blauzi inalowa ukiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Dang'a tu ndiyo sikuweza. Hiyo nilimwachia mwenye tumbo.

Tukagawana zamu. Mwenzangu akachukua mchana, mimi usiku, kwa hoja kwamba "wewe hukushonwa". Kweli, alishonwa, nikanyamaza. Nyuzi zimetoka zamani, zamu haijabadilika. Treni ya mizigo ikipiga honi usiku, mtoto anaruka. Mwenzangu anageukia ukutani. Na kiu ya kunyonyesha, jamani! Bomba la Mzima linapita kaunti yetu likipeleka maji Mombasa, na mfereji wetu unakohoa hewa. Wanyonyeshaji wawili nyumba moja, mitungi tunanunua kama tuna ng'ombe.

Serikali nayo imenipita pembeni. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi 3, na mwanamume aliyepata mtoto wiki 2. Sikujifungua. Ndevu nimezitafuta kwenye kioo, sina. Sheria ya Afya ya 2017 ina huruma kidogo: mfanyakazi anayenyonyesha atengewe mahali pa kukamulia, pasiwe chooni, na apewe muda usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Nikaenda kwa meneja na sheria yangu mkononi.

"Kwani wewe ulizaa lini?"

"Namnyonyesha mtoto wa binamu."

Alinitazama, akaniambia niandike barua. Barua ya nini, ya kuliombea ziwa ruhusa? Kwa sasa nakamua kwenye stoo ya mifagio, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu komeo halifungi.

Aliyenipa cheo ni jirani yetu, bimkubwa wa Kiislamu ambaye huja kuazima chumvi na kukaa mpaka alasiri. Juzi alinikuta nanyonyesha, akanyoosha vidole.

"Amekunyonya mara tano, akashiba?"

"Bimkubwa, amenyonya mpaka nimekauka."

"Basi huyo ni mwanao wa kunyonya. Sisi Mashafi mara tano zatosha, kabla hajatimiza miaka miwili. Na mwengine yeyote utakayemnyonyesha hivyo ni ndugu yake, hawaoani."

Nilitaka kumkumbatia. Kitabu cha kliniki hakijaniandika popote, ofisi hainitambui, na huyu mama, kwa vidole vitano tu, kashanifanya mzazi. Nikamuuliza kama kuna karatasi. Hakusikia, alikuwa keshafika mbali.

"Ila mjukuu wangu usimguse, hata akilia vipi. Huyu binti nimemtaka."

Mtoto hajaota hata jino. Lakini mzazi ni mzazi; nikakaa vizuri, nikakohoa, nikamuuliza mahari itakuwaje.

"Hilo," akasema, "nitazungumza na mamake."