Si Ipi?

Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaoamka na kulala kwa Kiswahili, kuna neno la herufi mbili linaloweza kumtoa mtu pesa mfukoni: si.

Kirundi na Kiswahili ni ndugu, kwa hiyo hapo hatugombani. Mmoja husema "si jewe", mwingine "si mimi", na wote wawili wamekana. Balaa ni Kifaransa, tulichoachiwa na Wabelgiji pamoja na septante na nonante zao. Humo "si" ni kukubali, tena kwa kiburi: hutoka tu pale aliyeuliza ameuliza kwa kukanusha.

Mjomba wangu ni fundi wa magari. Aliletewa gari na kijana aliyerudi kutoka Ubelgiji, akamuuliza, "Pedi za breki hukubadilisha?"

"Si," kijana akajibu, akaweka simu sikioni.

Mjomba akangoja. Kwa Kiswahili si haikai peke yake, lazima ikane kitu: si mpya, si zangu, si kazi yako. Alipoona sentensi haiji, akaimalizia mwenyewe: akang'oa pedi mpya, akafunga mpya zaidi. Bili ilipotoka, matusi yalipigwa kwa lugha zote, na yale hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Mtaani Kamenge kuna mapadri Waitaliano, na kwao "sì" ni ndiyo tupu. Muuza ndagala alimuuliza mmoja wao, "Unalipa wewe, Padri?" Akajibu kwa furaha, "Sì, sì!" Vijana wa kwaya waliomsindikiza wakasikia "sisi", wakaanza kupapasa mifuko.

Kiingereza nacho, kilichofanywa lugha rasmi mwaka 2014, kimekuja na "ai si" ya watu wanaodai wameelewa. Wengi wao hawajaelewa.

Wala tusijisifu. Shangazi akisema "Si nilikukanya?", hapo hajakana lolote, anathibitisha, na mkono uko kiunoni.

Ila bingwa ni shemeji yangu. Anajua pia kwamba si ya Kifaransa ni "kama" ya masharti, na madeni yake yote yanaishi humo. Juzi nikambana kwa simu: "Kwa hiyo hunilipi?"

"Si!"

Nikamuuliza si ya lugha gani. Akasema simu inazima chaji.