Pampu Ndani ya Nyumba: Kuhusu Mzunguko wa Maji katika Tangi la Samaki Lenye Mimea

Vitabu vya ufugaji wa samaki wa mapambo humwonya msomaji juu ya mengi, kuanzia klorini ya maji ya bomba hadi konokono wanaoingia nyumbani wakiwa wamejificha kwenye mizizi ya mimea, lakini havimwonyi kwamba anaweza kuitwa kwa mjumbe kujibu shtaka la kumiliki pampu. Pengo hilo linastahili kuzibwa, na kazi ya kuliziba haina budi kuanzia kwenye ufafanuzi. Mzunguko wa maji ni mwendo unaoyachukua maji upande mmoja wa tangi, ukayapitisha kwenye chujio na katikati ya mimea, kisha ukayarudisha yalikotoka, pasipo tone kuongezwa wala kupunguzwa. Sehemu ya mwisho ya ufafanuzi huu ndiyo iliyokataliwa kwa kauli moja na wapangaji wa nyumba moja ya Dar es Salaam, na ndiyo inayolazimu maelezo marefu yanayofuata.

Swali aliloulizwa mfugaji wa nyumba hiyo, ambalo kwa kweli ni la haki, lilikuwa kwa nini maji yaliyokwisha kuwamo ndani ya kioo yasiachwe yatulie. Jibu limo katika jani. Jani lililozama hujilisha kwa usanisinuru, yaani kazi ya kutengeneza sukari kwa mwanga, maji na kabonidioksaidi, na gesi hiyo huipata kutoka kwenye maji yanayoligusa. Sasa maji yanayoligusa jani hayatembei, hata tangi zima likivurugwa namna gani, kwa sababu msuguano huyashika yakabaki palepale na kufanya kile kinachoweza kuitwa tabaka tuli, yaani ngozi nyembamba ya maji ambayo pasipo mkondo hufikia unene wa nusu milimita au zaidi. Ili kulivuka tabaka hilo gesi haina njia isipokuwa msambao, nao ni mwendo wa chembe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba bila kusukumwa na yeyote, mwendo ambao kanuni yake iliandikwa mwaka 1855 na Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Ujerumani. Kinachotokana na kanuni hiyo ni ukatili mtupu: umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia, hivi kwamba chembe za kabonidioksaidi zinazovuka milimita moja ya maji matulivu kwa dakika nne hivi zitahitaji takriban saa saba kuvuka sentimita moja. Na kwa kuwa gesi husambaa majini polepole kuliko hewani kwa kiasi cha mara elfu kumi, mmea wa majini unaweza kufa njaa huku umezungukwa na chakula, kama mtu aliyefungwa kinywa karamuni. Mkondo, basi, haulilishi jani. Kazi yake ni kulinyoa lile tabaka tuli mpaka libaki jembamba kiasi ambacho msambao unaweza kulimudu.

Anayelielewa jambo hili hawezi tena kulitazama tangi lililotulia bila wasiwasi. Maji yanayobadilishana gesi na hewa ya sebuleni peke yake huwa na kabonidioksaidi isiyofikia miligramu moja kwa lita, na wafugaji wanaoiongeza kwa mtungi hulenga kiasi cha miligramu 30, kiwango ambacho kikipitwa samaki huanza kutweta. Lakini gesi iliyotiwa upande wa kushoto na isifike upande wa kulia ni fedha iliyopulizwa hewani, tena kwa mapovu. Mahali ambapo mkondo haufiki huitwa kona mfu, na hapo huota utando wa kijani kibichi chenye ubuluu, ambao wengi huuita mwani ilhali ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojilisha kwa mwanga, na harufu yake humfikia mgeni kabla hajakaribishwa kiti.

Wafugaji hushauriana kwamba maji yote ya tangi yapitishwe kwenye chujio kati ya mara nne na mara kumi kila saa. Tangi linalozungumziwa hapa lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, hivyo hubeba lita 182 kabla ya kutiwa mchanga, na chujio lake la nje, yaani ndoo iliyofungwa inayokaa kabatini chini ya tangi, liliandikwa kwenye boksi kuwa linasukuma lita 1,000 kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi hakuna tatizo. Kwa hesabu ya maji, takwimu ya boksi hupimwa mashine ikiwa mpya na tupu, bila sifongo, bila mipira, bila uchafu, yaani katika hali ambayo haitafanya kazi yoyote ya kuchuja. Wengi hulaumu kimo, wakidhani mashine inachoka kuyapandisha maji kutoka kabatini, na hapo huwa wanaionea, kwa sababu katika mzunguko uliofungwa maji yanayoshuka kwa mpira mmoja huyalipia yanayopanda kwa mpira wa pili. Kinacholiwa ni nguvu ya kushinda msuguano wa mipira, viungo na sifongo iliyoziba. Juu ya hayo, mimea yenyewe ni kizuizi, kwa kuwa kila shina hulipunguza kasi kundi la maji linalopita, na bustani ikistawi sana huuziba ule mkondo ulioistawisha, jambo ambalo muuza duka hulijua vyema na halisemi mpaka mteja arudi. Aliporudi aliuziwa pampu ya pili, ndogo, ya kuzamishwa ndani ya tangi, ya lita 2,000 kwa saa, kwa bei ambayo mfugaji huyo ameomba isitajwe mbele ya mkewe.

Palipofaa kuiweka palikuwa kwenye kioo cha upande mfupi, karibu na uso wa maji, mdomo ukielekea kando ya urefu wa tangi, kwa sababu mkondo unaotoka kwa kasi huyakokota maji jirani ukanenepa kadiri unavyosafiri, ukagonga kioo cha mbali, ukazama, kisha ukarudi chinichini katikati ya mashina. Kipimo chake hakihitaji chombo, kwani majani yakicheza kidogo kila mahali mzunguko umetimia, na yakilala yote upande mmoja umepita kiasi. Kwa siku kadhaa majani yalicheza. Tangi lilikuwa halina kifuniko, kwa mfano wa bustani za majini za Takashi Amano, Mjapani aliyeishi kati ya mwaka 1954 na 2015 na ambaye tangi lake kubwa la Lisbon, lenye urefu wa mita 40 na ujazo wa lita 160,000, limewatia hasara watu wengi wenye sebule ndogo.

Pampu za aina hiyo huning'inizwa kiooni kwa vikombe vya mpira, ambavyo kwa hakika havikishiki kioo bali husukumwa dhidi yake na uzito wa hewa na maji ya nje, baada ya mtumiaji kuyakamua maji yaliyokuwa ndani. Mpira ukikakamaa, au utelezi ukiota chini yake, maji hupenya, tofauti ya msukumo hutoweka, na kikombe huachia bila kutoa taarifa. Viliachia Jumapili adhuhuri, mfugaji akiwa ametoka kununua vitunguu. Pampu iliyumba ikaning'inia kwa waya wake, tundu la kuvutia likabaki majini, na mdomo ukachomoza juu ya uso wa maji ukielekea ukutani. Kuanzia hapo kila kilichofuata kilikuwa fizikia safi, kwani pampu iliendelea kuyatoa maji nje mpaka uso wake uliposhuka kama sentimita kumi na tundu la kuvutia likapata hewa, ambapo kwa tangi la vipimo hivyo ni lita 40, yaani madumu mawili kamili, yaliyomwagika kwa muda usiotosha kupima vitunguu. Maji yaliteremka ukutani, yakapita nyuma ya kabati, yakatoka chini ya mlango, yakaifuata koridoo ya saruji kwa utiifu wote, yakashuka ngazi mbili na kuingia uani, ambako ndoo za wapangaji zilikuwa zimepangwa foleni tupu, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa limekauka wiki nzima na mkokoteni wa maji ulikuwa bado haujapita.

Maji yenyewe, kwa kuzidisha fedheha, yalikuwa maangavu, sifa ambayo kila mwenye chujio huitafuta na ambayo siku hiyo ilikuwa ushahidi wa upande wa mashtaka. "Kumbe mwenzetu maji unayo," alisema mama wa chumba cha mwisho, kwa sauti ya upole iliyozidi ukali wowote. Ndipo mtoto mmoja alipotoa ushahidi ambao haukuombwa: "Ana pampu ndani, nimeiona." Ni lazima ieleweke kwamba katika mitaa yenye mgao wa maji wapo watu wanaounga pampu moja kwa moja kwenye bomba kuu, jambo lililokatazwa, ili wayavute maji ya jirani kabla hayajamfikia, na kwamba neno la mtoto yule lilitosha kufungua kesi, kuita mashahidi na kutoa hukumu kabla vitunguu havijatuliwa.

Shauri lilisikilizwa jioni ile kwa mjumbe. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliuliza pampu inavuta maji kutoka wapi, akajibiwa kutoka ndani ya tangi. Akauliza inayapeleka wapi, akajibiwa ndani ya tangi. "Mzee, unamsikia?" akasema mama wa chumba cha mwisho. Mfugaji alieleza tabaka tuli, akaeleza msambao, na alipomtaja Fick shaka ilizidi, kwani mtu asiye na hatia hana sababu ya kutaja Mjerumani. Kilichomwokoa ni kwamba mjumbe alizaliwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, lakini maji yake ya juu yenye joto hukaa juu ya maji mazito ya chini bila kuchanganyika nayo kikamilifu, hivi kwamba kuanzia kati ya mita 100 na 200 kwenda chini hakuna oksijeni, na hivyo samaki wote hukaa katika sehemu ile ya juu; upepo wa kusini-mashariki unapovuma wakati wa kiangazi, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi yenye rutuba huinuka. Mzee, ambaye alikulia kwenye mitumbwi ya dagaa, alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa ufupi kwamba kijana ameweka upepo ndani ya kioo, na akataka kujua upepo huo unakula uniti ngapi za umeme kwa mwezi.

Hukumu ilikuwa kwamba tangi likaguliwe na wapangaji wote, waliopita mmoja mmoja sebuleni juu ya zulia lililolowa, na kwamba maji yanayotolewa kila wiki kwa ajili ya usafi wa tangi yagawiwe kwa ajili ya vyoo, ambayo hadi leo hugawiwa. Baadaye kambamiti wawili walivutwa na pampu hiyohiyo. Umeme ulikatika usiku mmoja na mzunguko wote ukafanywa kwa kata hadi alfajiri, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 hayabebi zaidi ya miligramu saba na nusu hivi za oksijeni kwa lita, na miongozo yote ya fani imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Mtaa wa pili, kwa upande mwingine, kuna nyumba ya ghorofa ambayo bustani yake humwagiliwa hata wiki ambayo mkokoteni wa maji haupiti. Pampu iliyoungwa kwenye bomba kuu hushusha presha ya bomba zima, na presha ikishuka chini ya ile ya ardhi inayolizunguka, maji machafu ya mitaro huingia kwa nyufa na viungo vilivyolegea, kisha huwafikia watu wa mwisho wa laini pamoja na matone machache waliyoachiwa. Mwenye nyumba hiyo hajawahi kuitwa kwa mjumbe. Pampu yake imefungwa kwa boliti chini ya mfuniko wa zege, na haina vikombe vya mpira.