Sifa za Kontakti Iliyoungua

Jambiani imesifiwa mchanga wake, pweza wake, mwani wake, na maji yake yanayokimbia hadi mwambani kisha yakarudi. Bado sijamsikia mtu akiisifu kontakti iliyoungua ndani ya distribyuta ya gari kuukuu. Hiyo ni dhulma, na leo naiondoa.

Tuanze na nasaba, maana hapa kwetu mtu hasifiwi mpaka ijulikane ni wa nani. Mzee wa ukoo ni Charles Kettering, Mmarekani, aliyezikutanisha betri, koili na kontakti mpaka zikaingia kwenye gari za Cadillac za mwaka 1910. Kwa miaka 60 na ushei ukoo huo ndio uliowasha gari nyingi za petroli duniani. Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, enzi ambazo fundi wa mashindano alitembea na bisibisi, si kompyuta.

Na kazi yenyewe? Vipande viwili vya chuma, kugusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri wa volti 12 unapita kwenye koili. Vikiachana tu, koili inarusha maelfu ya volti hadi kwenye plagi, cheche inaruka, petroli inashika. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vipande hivyo vinaachana mara 100 kila sekunde. Nitajieni karani mmoja anayefungua mlango mara 100 kwa sekunde bila kudai posho.

Basi ichoke, ina haki. Na Jambiani imeipa pahala pazuri pa kuchokea: kusi likivuma, chumvi inaingia kila upenyo wa boneti, vichwa vya waya vinaota kutu ya kijani, na unyevu wa alfajiri unalala juu ya distribyuta.

Gari mpya ikiugua huwasha kitaa cha manjano, ikanyamaza. Mpaka uipeleke mjini, kijana aichomeke waya, asome namba. Kontakti haina kiburi hicho. Asubuhi unapiga stata, injini inazunguka, haishiki. Ikishika kwa rehema za Mungu, ukirudi kutoka mjini inaanza kumisi Tunguu. Jozani ekzosi inapiga mzinga, kima punju wanahama tawi. Kitogani inazima kabisa, na hapo ndipo darsa linapoanza.

Chomoa waya wa plagi, uelekeze kwenye chuma cha injini ukiacha mwanya mdogo, mwenzio apige stata. (Ushike kwa koleo lenye mipini ya mpira, volti hizo hazina utani.) Cheche ya buluu inayolia ta! ta! ina maana moto upo, katafute ugonjwa pengine. Ikiwa ya njano, nyembamba, ya kuombaomba, fungua kifuniko cha distribyuta. Utaikuta kontakti nyeusi, upande mmoja umeota kichuguu, wa pili umechimbika shimo. Mara nyingi mkosaji ni kondensa, kikopo kidogo ambacho kazi yake ni kuzuia cheche isirukie hapo. Kondensa ikifa, kontakti inaungua kwa niaba yake, na lawama inapewa kabureta. Kabureta ngapi zimefunguliwa chini ya miembe ya kisiwa hiki bila kosa lolote!

Koili nayo, jamaa wa karibu, ina fadhila ya peke yake. Ikiwa mbovu, huugua inapopata joto. Gari inazima saa saba mchana, fundi anaitwa, anakuja kwa baiskeli, anafika koili imeshapoa, na gari inawaka mara moja. Fundi anakutazama tu, hasemi. Hakuna dawa ya majivuno inayoishinda hiyo.

Ukitaka tamasha, subiri usiku usio na mwezi, fungua boneti injini ikiunguruma. Waya zilizochoka na kifuniko chenye ufa huonekana vikitambaa cheche za buluu. Desemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika na Unguja ikakaa gizani miezi kama mitatu, gari kuukuu zilikuwa na umeme wa kumwaga ovyo.

Lakini sifa kubwa ni ile ya kijamii. Nani mwingine awezaye kuwateremsha pamoja sheha, maalim wa madrasa na mtalii mwenye bega jekundu, wote wakasukuma pikapu moja? Kinamama wanashusha viroba vya mwani. “Ami, tia gea ya pili, usiachie klachi mpaka nikwambie!” anaamrisha kijana aliyekuamkia shikamoo asubuhi ile ile. Kusukuma humfaa mwenye betri dhaifu; kontakti iliyoungua hakuitibu. Wengi wanalijua hilo, na hapana anayeacha kusukuma.

Tiba ni msasa laini na nyembe. Wembe mmoja una unene wa karibu milimita 0.1, na gari nyingi za zamani zilitaka mwanya wa milimita 0.4 hivi, kwa hiyo asiye na kipimo hushikanisha nyembe nne, akazipenyeza, akakaza skrubu. Gari inawaka, watu wanashangilia. Kama kondensa haikubadilishwa, baada ya muda mfupi mtakutana tena, tena pale pale.

Kwa hiyo wewe unayeuza vifaa vya kielektroniki vya kuiondoa kontakti, wauzie wa mjini, wenye haraka zao. Nasi ukitukuta Kitogani boneti juu, usipige honi ukapita. Simama, tuulize kama tuna kondensa. Hatuna.