Mjomba Kiraka Anajibu: Tairi la Bei Nafuu na Mengine Yanayowaliza

Safu hii hupokea vilio vya watu wa magurudumu mawili yasiyo na injini. Wenye bodaboda wana vijiwe vyao vya kulilia. Mambo ya mapenzi hatushughuliki nayo, isipokuwa pale upepo unapohusika.

Muuzaji aliapa

*Mjomba, shikamoo. Nakaa Charambe, kazi yangu iko Kurasini, naenda na kurudi kwa baiskeli ya gia niliyonunua mtumba. Tairi la nyuma lilipokwisha nilikwenda Kariakoo nikapewa la elfu kumi na mbili. Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba halipati pancha. Sikufika nalo Mtoni kwa Azizi Ali. Sasa kila wiki nina pancha mbili. Nitajie tairi moja la bei nafuu ambalo halitanisaliti. — Niliyeachwa Njiani, Charambe.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwache mama wa watu apumzike. Tairi lisilopata pancha linauzwa pamoja na dawa ya kurudisha mpenzi, duka moja. Yaliyopo ni yanayopata pancha kwa nadra na yanayopata kwa mazoea.

Tupige hesabu. Pancha mbili kwa wiki, fundi akikutoza elfu moja kila mara, ni elfu nane kwa mwezi juu ya zile kumi na mbili, na bado hatujahesabu sura ya bosi wako unapochelewa. Mwenzako akinunua la elfu ishirini na tano likamtoboka mara moja tu kwa mwezi, mwezi wa pili hauishi kabla lako halijawa ghali kuliko lake. Bei ya tairi hujaimaliza pale dukani. Umelipa kianzio tu, na makusanyo anayafanya fundi.

Ukirudi Kariakoo, usiulize lipi halipati pancha, maana utaapiwa tena. Shika mawili ya kipimo kimoja, uyapime kwa mkono. Mara nyingi lililo zito lina mpira mwingi katikati, na katikati ndipo msumari unapoanzia kazi. Kisha tazama kashata. Zile kubwa zilizoachana zinavutia macho, lakini zilibuniwa kwa tope la milimani, na kati ya kashata na kashata mpira ni mwembamba. Wewe unakwenda Kurasini kwa lami ya Barabara ya Kilwa. Chukua lenye mkanda usiokatika katikati na kashata ndogo pembeni. Pancha zitapungua, na pedeli itakuwa nyepesi.

Tairi la kukunja liache. Unalipia wepesi wa kulibeba, wakati lenye waya ukingoni ni rahisi zaidi na kwa msumari hayana tofauti. Ubavuni ukiona TPI, hiyo ni idadi ya nyuzi kwa inchi moja. Lenye 120 lina nyuzi nyembamba na limekusudiwa mashindano. Lenye 27 au 30 lina nyuzi nene, zito kidogo, lakini gumu kutoboka. Hii ni biashara ya ajabu: la tajiri laweza kuwa laini kuliko la maskini. Furahi.

Mume wangu na pancha za Jumamosi

*Mjomba, mume wangu kila Jumamosi alfajiri anavaa kaptura ya kubana na kutoka na baiskeli. Anasema anajiandaa na msafara wa baiskeli wa Twende Butiama. Saa tatu angekuwa amerudi, lakini anarudi saa tisa, na jibu lake ni moja: "Pancha." Nimwamini? — Mke wa Mwendesha, Salasala.*

Shemeji, pancha ni kosa linaloacha ushahidi. Akirudi usimuulize alikuwa wapi. Mwombe tyubu. Ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji, ufuate viputo.

Tundu moja dogo upande unaogusa tairi: alikanyaga msumari au mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, mfano wa meno ya nyoka: hakuna alichokanyaga. Alipanda tuta au ukingo wa lami wakati tairi lina upepo mdogo, tyubu ikabanwa na rimu. Huyo ni mkweli lakini ni mvivu wa pampu. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu: kichwa cha spoku kimetokeza, na ule ukanda unaofunika spoku umechoka. Dawa yake ni ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, ambao fundi yeyote anao chini ya benchi.

Sasa saa. Aliyebeba kiraka, gundi na pampu huziba tundu moja kwa robo saa. Kutoka saa tatu hadi saa tisa ni viraka vingi mno, kwa hiyo vihesabu. Na kutoka Dar hadi Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Anayejiandaa kwa safari hiyo lazima awe anaziba mwenyewe, na vidole vyake vinapaswa kunuka gundi. Ukikuta tyubu haina kiraka hata kimoja na vidole vinanuka marashi, ipeleke kesi hiyo kwa wazee wa ukoo. Mamlaka yangu yanaishia kwenye rimu.

Inchi ishirini na sita si moja

*Mjomba, mimi ni mwalimu wa hesabu, nina ile baiskeli ya Kijapani yenye kikapu mbele. Tairi lake limeandikwa 26. Nikanunua la baiskeli ya gia, nalo 26, lenye kashata nzuri. Fundi amehangaika nalo mpaka jua limezama, haliingii. Anasema rimu yangu imevimba. — Mwalimu, Yombo Vituka.*

Mwalimu, rimu haivimbi. Waliovimba vichwa ni waliopanga vipimo hivi.

Lako la Kijapani kwa kawaida limeandikwa 26 × 1 3/8, la sehemu. La baiskeli ya gia limeandikwa 26 × 1.95 au namba nyingine ya desimali. Wewe unayefundisha hesabu umewahi kuwaambia watoto kwamba sehemu na desimali ni mamoja. Kwenye tairi, si kweli. Soma ubavuni maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma: la kwako utakuta 37-590, na hilo ulilonunua ni 50-559 au namba inayoishia hivyohivyo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Lako ni 590, la dukani ni 559. Milimita 31 hazifichiki hata kwa vijiko vya fundi.

Phoenix ya babu, yenye 28 × 1 1/2, ni 635. Baiskeli mpya za gia za inchi 29 ni 622, na za 27.5 ni 584. Hivyo andika namba yako kwenye karatasi, nenda nayo dukani, na ukiulizwa "inchi ngapi?" wewe onyesha karatasi. Hilo tairi rudisha kabla muuzaji hajasahau sura yako. Na umwombe radhi fundi kwa niaba ya kiwanda.

Nani anamwaga misumari?

*Mjomba, napata pancha mahali palepale, mita chache baada ya kibanda cha fundi mmoja hapa Tegeta. Naziba kwake, nikiondoka, sifiki mbali, naanza tena. Nashuku anamwaga misumari usiku. Nimripoti serikali za mtaa? — Mwenye Macho, Tegeta.*

Mwanangu, kabla hujaandika barua kwa mwenyekiti, jibu swali hili: fundi alipotoa tyubu, alilipapasa tairi kwa ndani? Mara nyingi kinachozibwa ni tyubu, na mwiba wenyewe unabaki umejificha kwenye tairi. Ukikaa juu na uzito wako, unachomoza tena. Umebeba mhalifu wako mwenyewe, unamzungusha Tegeta nzima, kisha unamshtaki mtu wa watu.

Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, si kidole. Kitakaponasa, hapo ndipo penye mwiba au kipande cha waya. Na siku ya kufunga tairi, weka maandishi yake makubwa yatazamane na vali. Ukipata pancha, pima umbali kutoka vali hadi tundu la tyubu, nenda umbali uleule kwenye tairi, utamkuta mwenyewe.

Wanaomwaga misumari wapo, lakini ni sisi sote. Tegeta, Bunju na Madale zinajengwa usiku na mchana, na mbao za zege zinaachwa barabarani na misumari yake. Tunapogoa michongoma ya ua, matawi tunayatupa nje kwa jirani. Tunachoma matairi makuukuu, na waya zake nyembamba zinabaki kwenye majivu. Malori ya kokoto kutoka Kunduchi yanadondosha kidogo kila tuta. Magurudumu ya magari yanavifagia vyote hivyo hadi ukingoni mwa lami, palepale daladala linapokusukumia. Panapokuwa salama, kaa hatua moja ndani kutoka ukingoni.

Wakati wa masika ongeza macho. Mpira ukilowa, chupa iliyovunjika inaukata kirahisi, na mafuriko yakikauka huacha barabarani kila kilichokuwa mtaroni.

Mzigo wa madafu

*Mjomba, natembeza madafu kwa Phoenix, Tandika hadi Keko. Tairi la nyuma halidumu. Wenzangu wanasema jua la mchana linapasua tairi lililojaa, kwa hiyo nalipunguza upepo asubuhi. Bado linakufa. — Mtu wa Dafu, Tandika.*

Ndugu yangu, wenzako wanakumaliza. Jua huongeza presha kidogo tu. Kinachoua tairi lako ni mzigo kulilalia likiwa limelegea: ubavu unakunjika kila mzunguko, nyuzi zinakatika, tyubu inabanwa kwenye rimu. Ubavuni pameandikwa kiwango cha upepo. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba madafu, kwa hiyo lijaze karibu na kiwango cha juu, ila usikipite.

Sasa ujanja wa bei ya maji. Mwombe fundi tairi kuukuu jembamba, akate kingo zenye waya, abakize ukanda wa katikati. Aulaze kati ya tairi na tyubu. Miisho yake miwili lazima inolewe iwe myembamba, la sivyo bitana hiyo yenyewe itaichubua tyubu na utakuja kunilaumu mimi. Paka poda kidogo ya mtoto ili visisuguane. Utaongeza uzito, lakini kwa mtu aliyebeba kontena la madafu, hilo halitaonekana.

Ukinunua tairi jipya, lipeleke mbele, na la mbele lililo zima bado lihamie nyuma. La nyuma likipasuka utasimama na kutukana. La mbele likipasuka utaanguka, na madafu yote yatafika Keko bila wewe.

Nimetazama video

*Mjomba, naona ushauri wako ni wa kizamani. Video zinaonyesha tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuziba, tairi la Kevlar, na tairi gumu lisilotumia upepo kabisa. Kwa nini huwaambii watu? — Mwanateknolojia, Mbweni.*

Ninawaambia sasa. Kevlar ni kitu cha kweli. Ilivumbuliwa na mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, na ukanda wake ndani ya tairi huzuia miba mingi. Schwalbe ya Ujerumani nayo ina tairi liitwalo Marathon Plus, lenye tabaka la kinga la milimita 5 katikati. Ni zuri. Jozi yake itakutoa fedha ambazo mwenzako wa Buza angetafutia baiskeli nzima ya mtumba, lakini Mbweni ni Mbweni. Ukiwa na shemeji anayerudi kutoka Ulaya, mwagize.

Maji ya kuziba nayo yanafanya kazi, ila hukauka baada ya miezi michache, na joto letu linayaharakisha. Ukisahau kuongeza, umebaki na tairi lisilo na tyubu wala maji, yaani huna chochote ila matumaini.

Ama tairi gumu, hilo ndilo la kizamani kuliko ushauri wangu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alisajili tairi la upepo baada ya kumhurumia mwanawe aliyekuwa akitikisika kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara za vumbi za Mabwepande na tairi gumu zitakulegeza spoku, kisha meno.

Kwa ufupi

*Chamazi:* Nikijaza upepo wa kutosha nazama mchangani. — Shuka hadi kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni, mara nyingi PSI 40 kwa tairi la 26 × 1.95, si chini ya hapo. Ukifika lami, jaza tena. Pampu ya mkono ni nafuu kuliko tyubu.

*Mtoni Kijichi:* Halina pancha ila kila Jumatatu limelegea. Nimerogwa? — Hujarogwa. Tyubu hupumua kidogokidogo hata ikiwa nzima. Jaza kila wiki. Nusu ya barua za ukurasa huu zisingeandikwa kama waandishi wake wangefanya hivyo tu.

*Kunduchi:* Tairi langu ni kipara lakini sijapata pancha mwaka mzima. Nibadilishe? — Ukianza kuona nyuzi, ndiyo, leo. Hiyo bahati ilikuwa ya kukopa.

*Salasala, si yule shemeji:* Mjomba, nilifuata kila ulichosema. Nilinunua tairi zito, nikaweka bitana, najaza upepo kila Ijumaa. Pancha zimekoma. Lakini fundi wetu amekuwa hanisalimii. Nifanye nini? — Mpelekee breki. Kwa mteremko mlionao hapo, mtu ambaye matairi yake hayamsimamishi tena anahitaji kitu kingine cha kumsimamisha.