Umeomba 1000, Chukua 950

Mtaani wakishajua unafanya kazi ya kompyuta, wanakuletea simu zilizotumbukia chooni. Ukiwaeleza kwamba kompyuta zako wewe hazina kioo wala kibodi, kwamba ni vibao vya buluu vyenye upana wa vidole viwili vinavyofichwa ndani ya mita na pampu, wanakutazama kwa huruma, kisha wanauliza kama hata hivyo unaweza kuijaribu hiyo simu.

Tabu ya kompyuta isiyo na kioo ni kwamba ikikwama haina pa kulalamikia. Inakaa kimya, taa inawaka, kila kitu kinaonekana salama. Ndipo inapotakiwa adapta ya kusakia hitilafu: kidude kinachoingia kwenye tundu la USB upande mmoja, na upande wa pili kinatoa nyaya nne. Mmoja wa volti 3.3, mmoja wa ardhi, mmoja wa data, mmoja wa mapigo ya saa. Kwa nyaya hizo programu ya OpenOCD inaisimamisha prosesa katikati ya shughuli zake na kuihoji: ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, na nani kakutuma. Programu hiyo ilianza mwaka 2005 kama kazi ya chuo ya Dominic Rath huko Augsburg, Ujerumani. Ni ya bure, ni nzuri, na ina mdomo.

Kibao chenyewe kilikuja kutoka kwa mzee mmoja wa Mbezi anayeuza maji ya kisima. Kazi ya kibao ilikuwa kuzima pampu tangi likijaa. Hakikuzima. Pampu ilikesha, tangi likafurika, na maji yakapata njia hadi ng'ambo ya ukuta.

"Jirani sasa kaotesha mchicha," alisema mzee, akiweka kibao mezani kwa vidole viwili. "Mchicha mzuri kwelikweli. Maji yangu, umeme wangu."

Nikampa kazi dogo, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi na anayeamini kwamba dunia inachelewa kwa sababu ya watu wa umri wangu. Dogo akachomeka nyaya kwa kufuata maandishi yaliyo kwenye gamba la adapta. Jibu: hakuna kitu upande wa pili. Hizi adapta za bei poa zenye gamba la aluminiamu zina mchezo wao: gamba limechapwa kiwandani kwa mpangilio mmoja wa pini, na kibao kilichomo ndani kimetengenezwa kwa mpangilio mwingine. Ukitaka ukweli unalichomoa gamba lote, unawasha tochi ya simu, unasoma herufi zilizo kwenye kibao chenyewe. Dogo akasoma, akacheka, akahamisha nyaya.

Kisha akagusa spidi.

Hapo nieleze kidogo. Chipu ya kibao hiki, STM32F103, ina faili lake la mipangilio ndani ya OpenOCD, na faili hilo linaomba kilohezi 1000. Sababu imeandikwa humohumo: chipu ikishapigwa riseti hukimbia megahezi 8, na mapigo ya adapta hayatakiwi kuzidi sehemu moja ya sita ya hiyo. Ukigawanya unapata 1333 na chenji. Aliyeandika akaona asitembee ukingoni, akaweka 1000. Bahati mbaya, adapta yetu ya ST-Link V2 haiuzi 1000. Ina ngazi zake: 4000, 1800, 1200, 950, 480, inateremka hivyo hadi 5. Basi inakujibu kwa adabu zote kwamba 1000 haikupatikana, itatumia 950. Ni Kariakoo kabisa, ila hapa huwezi kujifanya unaondoka ili uitwe.

"Kaka, kwa nini tujibane?" Dogo akafuta, akaandika 4000.

Nyaya zake zilikuwa zile ndefu za rangirangi, zimepita juu ya chaja ya laptopu, zimezunguka kikombe cha chai, zikaja kwenye kibao kwa nyuma. Kwenye nyaya za namna hiyo mapigo milioni 4 kwa sekunde hufika yamechoka. OpenOCD ikasema imeshindwa kuunganisha. Dogo akalaumu kebo. Akabadilisha kebo, akalaumu tundu la USB. Akabadilisha tundu, akailaumu saluni ya jirani, kwa kuwa kila draya ikiwashwa taa yetu hupepesa. Kuhusu saluni hakuwa mbali sana na haki. Laptopu yetu ina chaja ya miguu miwili, haina waya wa ardhi, na ukiipapasa pembeni inakutekenya. Nikaichomoa chaja, nikamwambia arudi kwenye 950. Ikakataa. Nikamwambia afute mstari mzima wa spidi.

Ukifuta, programu inanuna. Inakuandikia kwamba hukuchagua spidi yoyote, kwa hiyo itakwenda mwendo wa chini, kilohezi 100, na inakushauri ujaze mwenyewe ukitaka mwendo wa maana. Mimi naona huo wa 100 ndio wa maana. Kumbukumbu ya chipu hii ni kilobaiti 64, sawa na biti 524,288. Kwa kilohezi 100 zinapita kwa sekunde tano na kidogo, na ukijumlisha salamu za njiani haifiki hata muda wa kumenya chungwa. Ili kuokoa sekunde hizo, dogo alikuwa ameshakula saa za kutosha kumpeleka Mbezi na kumrudisha, foleni ikiwemo.

Hata hivyo 100 nayo ilikwama, maana chipu ilikuwa imelala. Si lugha ya picha: programu iliyokuwamo iliiamuru ilale usingizi mzito, na chipu ikiwa usingizini haipokei wageni. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha riseti, kukishikilia, kisha kukiachia wakati uleule amri inapotumwa. Pini ya riseti ya adapta yetu ipo kwa jina tu, kwa hiyo kazi ikawa ya vidole. Mimi kwenye kitufe, dogo kwenye kibodi.

"Moja, mbili, tatu!"

"Unaachia kwenye tatu au baada ya tatu?"

"Kwenye tatu."

"Mimi nabonyeza baada ya tatu."

Wasusi wa saluni walihesabu pamoja nasi kupitia ukutani. Sauti zao ndizo zilizotupa pigo sahihi, nadhani, kwa sababu chipu ikaamka na kujitambulisha. Utambulisho wenyewe ukazua jambo. OpenOCD ilikuwa inatarajia 0x1ba01477. Iliyojibu ikasema yeye ni 0x2ba01477. Juu ya mgongo imeandikwa STM32 kwa herufi safi, lakini damu ni ya ukoo mwingine. Nikampigia muuzaji wa vibao.

"Orijino hiyo, kaka," akasema hata kabla sijamaliza swali.

Tukaiambia OpenOCD ikubali namba hiyo, maisha yakaendelea. Tukaiachia chipu itembee, tukaisimamisha tena, na tukaikuta palepale: kwenye mstari wa kulala, ikisubiri boya la tangi liiamshe. Haikuwa na kosa lolote. Imeambiwa lala mpaka uitwe, na hakuna aliyeiita. Jioni dogo akaenda Mbezi na tochi, akapanda juu ya tangi, akatuma picha ya waya wa boya. Panya walikuwa wameula kwa urefu wa kiganja.

Kesho yake mzee akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimeamka?"

Dogo, kwa ile furaha ya mtu aliyejifunza kitu jana, akamweleza yote: chipu iliyolala, kilohezi 4000 zilizogoma, 950 zilizogoma, hadi tukashuka kwenye 100. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa ameshafika mwisho.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo kazi yangu mmeifanya kwa spidi ya chini kabisa."

"Ndiyo, mzee."

"Na waliokata waya ni panya."

"Ndiyo."

"Basi na bei nayo ishuke."

Niliomba laki moja. Akahesabu noti mezani, moja moja, akazisukuma upande wangu: elfu tisini na tano.